Mstari Chini ya Rangi Nyeupe

Kila asubuhi Shangazi alipiga pasi sare ya Nukta hata kama haikuwa na mkunjo wowote. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na macho yake yalikuwa yamezoea kuona kitambaa kimenyooka. Baba yake Nukta alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini, kwa hiyo nyumbani walikaa wawili tu: Shangazi, na Nukta wa darasa la saba. Jina hilo alipewa akiwa darasa la kwanza, kwa sababu wanafunzi walipopanga foleni asubuhi, yeye alikuwa kama nukta iliyodondoshwa mwisho wa sentensi.

Waliondoka pamoja na kuachana kwenye geti la hospitali. Hapo Shangazi aliufunga vizuri mkoba mgongoni kwa Nukta, akaukaza mpaka ukabana, kisha Nukta akaanza kukimbia. Kutoka getini hadi shuleni hakutembea hata hatua moja. Shangazi alisimama akimtazama mpaka alipokata kona. Nukta alidhani anaangalia magari.

Jumatano hiyo Nukta alikimbia kwa kasi kuliko siku zote, kwa sababu ilikuwa siku ya mashindano ya shule, na yeye alikuwa katika mbio za mita elfu moja na mia tano.

Uwanja wa shule ulikuwa mdogo. Mzunguko mmoja ulikuwa mita mia tatu, kwa hiyo mbio hizo zilikuwa mizunguko mitano. Katika korido ya ofisi ulining'inia ubao mkubwa wa mbao wenye rekodi za shule, na kila mbio ilikuwa na muda wake wa kuingia ubaoni. Kwa wasichana wa mita elfu moja na mia tano, muda huo ulikuwa chini ya dakika tano. Mistari mingine yote ilikuwa na jina na muda. Mstari huo ulikuwa mweupe mtupu. Walimu walisema hakuna msichana wa shule ile aliyewahi kuuvunja muda huo, na walivyosema, ungedhani ni kitu kisichowezekana kama kunywa maji kwa pua.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Shule moja ya sekondari yenye uwanja mzuri wa riadha ilipokea wasichana waliokimbia chini ya dakika tano, hata kama wazazi wao hawakuwa na uwezo. Nukta aliijua habari hiyo kama anavyojua jina lake.

Alivuka mstari wa mwisho akiwa haoni mbele. Mwalimu wa michezo aliitazama saa yake ya kupimia mbio, akaitazama tena, kisha akaiinua juu kama kombe. Dakika nne na sekunde hamsini na sita.

Uwanja mzima ulilipuka kwa kelele. Kasuku, rafiki yake wa dawati moja, ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, alimwambia kuwa kuanzia leo yeye si nukta tena, ni alama ya mshangao. Mwalimu wa michezo alitangaza kuwa kesho fundi rangi atakuja kuandika jina ubaoni, Ijumaa wazazi watakuja kuliona, na barua kwenda shule ya sekondari ataiandika jioni hiyohiyo.

Nukta alirudi nyumbani bila kuhisi miguu yake. Alimkuta Shangazi akikunja nguo kitandani, akamweleza yote kwa pumzi moja. Shangazi aliacha kukunja. Kwa muda mfupi uso wake uling'aa kama wa msichana mdogo, halafu ukatulia.

"Ile kona yenye kokoto," aliuliza polepole, "mlipita wapi?"

Nukta hakuelewa. Kokoto zilikuwa zimemwagwa mwezi uliopita katika pembe moja ya uwanja kwa ajili ya kujenga darasa jipya, na yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia Shangazi. Alijibu kuwa walipita pembeni yake, kwa ndani, kama chokaa ilivyoonyesha.

"Na baada ya kuhamishwa mstari, uwanja ulipimwa upya?"

"Sasa hilo linahusu nini?"

"Nauliza tu, mwanangu."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Nukta mpaka masikio yakawa ya moto. Alisema shule nzima imefurahi, hata mwalimu wa hesabu ambaye hacheki na mtu, na mtu pekee aliyeanza kutafuta kasoro ni wa nyumbani kwake mwenyewe. Alisema Shangazi hajawahi kuja kumtazama akikimbia hata siku moja, kwa hiyo hajui lolote kuhusu mbio. Alipomaliza alijutia maneno yake, lakini yalikuwa yameshatoka.

Shangazi hakumkaripia. Alichukua shuka nyingine, akaikunja mara nne, akaipiga kofi ikae sawa.

"Kesho nenda ukapime," alisema. "Ukikuta nimekosea, nitakuja Ijumaa nikuombe radhi mbele ya wenzako wote."

Alhamisi Nukta alifika shuleni kabla ya kengele, akiwa amedhamiria kulidai deni hilo la radhi. Alimkuta mtunza uwanja akifagia njia. Wanafunzi walimwita Babu Chokaa, kwa sababu suruali zake zote zilikuwa na mabaka meupe kuanzia magotini kushuka chini. Nukta alimwamkia, akamwomba kwa heshima ampimie uwanja, kuna mtu nyumbani anabisha.

"Uwanja wangu unabishiwa?" Babu Chokaa alicheka. "Twende, tukamfunge mdomo huyo mtu."

Alitoa kamba yake stoo. Ilikuwa ya mita thelathini, yenye fundo kila baada ya mita moja, na kamba kumi kamili zilitosha kuzunguka uwanja. Babu alishika mwanzo, Nukta akashika mwisho, wakaifuata chokaa. Moja, mbili, tatu. Babu alikuwa akimsimulia jinsi anavyoongeza mita moja kila mwaka, uwanja uwe mia tatu na moja, ili asije mtu akasema umepunjwa. Kwenye kona ya kokoto aliacha kusimulia. Kamba ya tisa ilipoisha, mahali pa kuanzia palikuwa karibu mno. Walinyoosha kamba ya kumi, Babu akainama akahesabu mafundo kwa kidole. Akahesabu tena kutoka upande wa pili.

Mafundo ishirini na mawili. Mita mia mbili tisini na mbili.

Babu Chokaa alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alieleza kwamba kila mwaka alipima uwanja wote kwa kamba, lakini mwaka huu vigingi vya mwaka jana vilikuwa bado ardhini, kwa hiyo hakupima. Lori lilipomwaga kokoto juu ya kigingi kimoja, yeye alipigilia kingine kwa ndani, akamwaga chokaa, akaendelea na kazi.

"Kigingi kimoja tu," alisema. "Nilijiambia, kigingi kimoja kitafanya nini."

Nukta alipiga hesabu kichwani, ingawa hakutaka. Walipungukiwa mita nane katika mzunguko mmoja. Nane mara tano, arobaini. Kwa mwendo wake wa jana, mita arobaini zilikuwa sekunde nane. Alikuwa amekimbia dakika tano na sekunde nne. Alihisi kama mtu amemvua nguo mpya mbele ya watu.

"Huyo aliyekutuma upime ni nani?" Babu aliuliza.

"Shangazi yangu. Wa hospitali, wa kufulia."

Babu alimtazama Nukta kwa muda mrefu, miguu kwanza, kisha uso.

"Basi ndiyo maana," alisema. "Wewe unakimbia umeinamisha shingo kama yeye."

Kisha akamsimulia. Miaka ishirini na miwili iliyopita Shangazi alikuwa mwanafunzi wa shule hii. Alikimbia mizunguko mitano peku, kwa dakika nne na sekunde hamsini na tisa. Msichana wa kwanza. Fundi aliitwa siku hiyohiyo, akaandika jina lake ubaoni. Kesho yake walikuja wageni kutoka ofisi ya elimu, wakauona ubao, wakacheka. Walisema msichana asiye na viatu hawezi kukimbia hivyo, saa ilikuwa mbovu. Mwalimu mkuu wa wakati huo aliona aibu. Alimtoa darasani, akamwambia arudie mbele ya wageni, wakati nyayo zake zilikuwa bado na malengelenge ya jana.

"Alikimbia dakika tano na ishirini," Babu alisema. "Wakasema, si mnaona? Jioni nikaambiwa nipake rangi nyeupe juu ya jina lake. Nikapaka. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

"Na uwanja, Babu? Ulikuwa umepimwa?"

Babu aliingia stoo, akatoka na daftari lenye jalada lililoliwa na mende pembeni. Kila mwaka alikuwa ameandika vipimo vya uwanja. Alilamba kidole, akafunua kurasa mpaka akafika. Mita mia tatu na moja. Shangazi hakukimbia pungufu. Alikimbia mita tano zaidi.

Nukta alikwenda kwenye korido mbio. Alisimama mbele ya ubao, akaugusa ule mstari mweupe aliokuwa akiuona kila siku. Chini ya vidole vyake kulikuwa na matuta madogo madogo. Aliinamisha kichwa mpaka mwanga wa dirisha ukapita pembeni, akaziona herufi zimevimba chini ya rangi, moja baada ya nyingine. Majina matatu ya Shangazi: lake, la baba yake na la babu yake.

Hasira aliyokuwa nayo jana haikuwa kitu. Hii ilikuwa nzito na iliyotulia. Mtu mzima alikuwa amepewa ukweli akaufuta kwa sababu wageni walicheka. Sasa watu wazima wengine walikuwa wamepewa uongo, na walikuwa tayari kuuandika kwa herufi kubwa kwa sababu umewafurahisha. Na uongo huo ulikuwa unaandikwa juu ya jina la Shangazi. Juu yake kabisa, mahali palepale.

Alimtafuta mwalimu wa michezo, akamweleza kuhusu kamba na mita nane. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemnunulia Nukta viatu vya kwanza vya mbio. Lakini alitazama huku na huku, akamvuta pembeni. Alimwambia barua imeshaondoka, wazazi wameshaalikwa, fundi rangi yuko njiani, na kokoto si kosa la Nukta.

"Mita nane tu, Nukta. Nani atajua?"

"Mita arobaini, Mwalimu," Nukta alisema. "Na mimi najua."

Mwalimu alimwambia aende darasani, watazungumza baadaye.

Hakukuwa na baadaye. Saa nne asubuhi Kasuku alichungulia dirishani, akamrudia Nukta mbio kumwambia fundi rangi ameshapanda kwenye ngazi yake, na ana brashi nzuri kama kope za mwigizaji. Nukta aliomba ruhusa, akatoka. Fundi alikuwa amekwisha kuchora mistari miwili ya penseli, na alikuwa akikoroga rangi nyeusi kwenye kopo.

"Usiandike, Fundi," Nukta alisema.

"Nimeambiwa niandike, binti. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye jina."

Fundi alicheka. Alisema katika kazi yake ameona watu wakigombana ili waandikwe, hajaona anayegombana ili asiandikwe. Mwalimu wa michezo alifika akihema, na mlango wa ofisi ukafunguka, Mwalimu Mkuu akatoka. Alikuwa mama mrefu mwenye miwani, mwaka wake wa pili pale shuleni, na watoto walimwogopa kwa sababu hakupandisha sauti.

Nukta alikuwa akiwaonea haya watu wazima tangu akiwa mdogo. Lakini alitazama yale matuta chini ya rangi, akasema yote: kigingi, kamba, mafundo ishirini na mawili. Akasema muda wake wa kweli. Halafu akasema lile lililokuwa likimchoma.

"Shangazi yangu alikimbia kweli, mkamfuta. Mimi sikukimbia kweli, mnaniandika. Na mnaniandika juu yake."

Mwalimu Mkuu alimwuliza mwalimu wa michezo kama ni kweli aliambiwa habari za kamba. Mwalimu aliinamisha macho, akakiri kuwa aliambiwa. Ndipo Babu Chokaa akatokea na kamba begani na daftari mkononi. Alivua kofia yake, akasema kosa la kigingi ni lake, na rangi nyeupe ni yake pia, na kwamba kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akipita kwenye korido hii akitazama chini.

Mwalimu Mkuu alisoma ukurasa wa daftari. Kisha alisema wakapime tena, wote, naye akiwemo. Alivua viatu vyake vya kisigino, akauzunguka uwanja akiwa na soksi tu, akifuata kamba. Mafundo yalikuwa yaleyale ishirini na mawili.

Waliporudi, fundi rangi alikuwa ameukaribia ubao na kuukwaruza kidogo kwa ukucha. Aliwaambia kuwa herufi za chini ni rangi ya mafuta, na ile nyeupe ya juu ni rangi ya maji, na aliyeipaka hakuipiga msasa kwanza. Haikushika. Ilikuwa imekaa tu. Akauliza kama aitoe.

"Itoe," alisema Mwalimu Mkuu.

Fundi alilowesha kitambaa, akachukua kisu chake kipana, akaanza kubandua. Rangi nyeupe ilidondoka vipande vipande sakafuni kama maganda ya yai. Herufi zilizotoka chini yake zilikuwa nyeusi na zinang'aa, hazikuona jua miaka yote hiyo. Babu Chokaa aliinama akaokota vipande kimoja kimoja, akavitia mfukoni.

Ijumaa Shangazi alikuja na gauni lake la kazi, amepewa ruhusa ya saa moja tu. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi au kuombwa, hakujua lipi, kwa kuwa Nukta hakuwa amemwambia matokeo ya kamba. Nukta alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye ubao bila kumwambia kitu. Wazazi wengine walikuwa wameshajaa koridoni. Shangazi alisoma mstari ule, akaunyooshea mkono kama anavyonyoosha shuka, akapitisha kiganja juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Babu Chokaa alimwomba msamaha. Mwalimu Mkuu pia alimwomba msamaha kwa niaba ya shule, mbele ya wote, ingawa wakati ule hakuwepo. Shangazi alijibu kuwa kilichomuuma zaidi si jina.

"Baada yangu kulikuwa na wasichana wenye miguu mizuri kuliko mimi," alisema. "Waliambiwa haijawahi kutokea. Wakifika mzunguko wa nne wanalegea, kwa nini wajiue kwa kitu ambacho hakipo? Nilikuwa siwezi kuja kuwatazama. Ningepiga kelele."

Nukta ndipo akaelewa kwa nini Shangazi hakuwahi kuja uwanjani, na kwa nini alisimama getini kila asubuhi mpaka yeye akate kona.

Mwalimu wa michezo aliandika barua ya pili, akaeleza kosa la uwanja na kutaja dakika tano na sekunde nne. Aliisoma kwa sauti mbele ya Nukta kabla ya kuifunga. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Shule ya sekondari ilisema nafasi bado ipo, na mwisho wa muhula msichana huyo aje akimbie kwenye uwanja wao, kwa saa yao.

Kuanzia hapo, asubuhi Shangazi hakuishia getini. Aliomba zamu inayoanza baadaye kidogo, wakawa wanakimbia pamoja hadi uwanjani, Shangazi akiwa na raba za kazini zinazolia kwichi kwichi. Walipima mizunguko kwenye chokaa mpya, mita mia tatu na moja. Nukta alikimbia dakika tano na mbili. Akakimbia tena dakika tano na mbili, akalia kwa hasira, akaipiga teke kokoto moja, akaumia kidole. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwonyesha jinsi ya kuvuta pumzi katika mzunguko wa nne, pale ambapo mwili unaanza kudanganya.

Mwisho wa muhula, kwenye uwanja uliopimwa na watu wasiomjua, Nukta alikimbia dakika nne na sekunde hamsini na nane. Kasuku, aliyekuja kushangilia, alipoteza sauti kwa siku mbili, na darasa zima likashukuru.

Fundi rangi aliitwa tena, na Shangazi akaja kushuhudia. Ubao ulikuwa na nafasi ya jina moja kwa kila mbio, na kawaida ya shule ilikuwa kufuta rekodi ya zamani na kuandika mpya. Alikuwa ameshaloweka kitambaa chake Nukta alipoishika ngazi yake.

"Huyo usimfute," alisema. "Amefutwa mara moja, inatosha."

Fundi alimgeukia Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alifikiri, miwani mkononi. Alisema muda wa Nukta ni bora kwa sekunde moja, na kesho atakuja mwingine awe bora kuliko Nukta, na hilo ni jambo zuri. Muda utaendelea kushuka. Lakini wa kwanza alikimbia bila kuwa na mtu wa kumtazama mbele, na baada ya kupita yeye, kila msichana anajua kuwa mlango upo. Jina hilo litabaki. Kisha akawageukia wanafunzi waliokuwa wamesogea.

"Na ninyi mjue kwa nini tunauamini ubao huu," alisema. "Kwa sababu aliyefuata alikataa kuandikwa mpaka akimbie mita zote."

Fundi alichora mstari mpya wa penseli chini ya ule wa zamani. Alipomaliza kuandika jina la Nukta, bado palikuwa na nafasi kidogo chini yake. Mtoto mmoja wa kike wa darasa la nne, aliyekuwa amesimama kwa vidole ili aone vizuri, aliuliza kama pale patabaki peupe hivyo hivyo.

"Pasibaki," alisema Shangazi, na akamtazama yule mtoto miguuni.